Atazoea Tu: Ushauri Unaowaharibu Paka Wetu

Mlete nyumbani paka aliyeokolewa mtaani, naye aingie uvunguni mwa kitanda na kukataa kutoka. Kabla jua halijatua utakuwa umeshapata washauri. Wa kwanza atakuambia umburute, kwani akiachwa humo hatatoka tena. Wa pili atasema mshike umpakate, na akifurukuta mkaze mpaka alegee. Wa tatu atakushauri umnyime chakula, njaa itamtoa yenyewe. Wa nne ataleta kamba umfunge kwenye mguu wa meza asije akatoroka. Na wote wanne watamaliza kwa maneno yale yale: usiwe na wasiwasi, atazoea tu.

Mimi nayapinga maneno hayo, na ninapinga kila kinachotendwa kwa kibali chake. Ni ushauri wa kikatili, lakini hata asiyejali ukatili ana sababu ya kuukataa, kwa kuwa haumfikishi anapotaka kufika. Paka anayeburutwa, anayekazwa na kushindishwa njaa hujifunza jambo moja tu, kwamba mikono ya watu wa nyumba hii ndiyo hatari yenyewe. Hofu yake huongezeka, kucha hutoka, mtu huparurwa, na baada ya wiki mbili paka anarudishwa barabarani akiwa na jina baya: paka pori, hafugiki. Aliyeshindwa hapo ni mshauri, lakini anayelipa ni paka.

Kosa la kwanza la washauri hawa ni kudhani kwamba woga wa paka ni ukaidi unaohitaji kuvunjwa. Paka wa nyumbani ni mzao wa paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wanasayansi humwita Felis lybica. Uchunguzi wa vinasaba ulioongozwa na Carlos Driscoll na kuchapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science uliweka wazi nasaba hiyo. Babu huyo bado yupo, anaishi katika nyika za Tanzania na Kenya hadi leo. Huwinda peke yake, na kwa udogo wake yeye mwenyewe huwindwa na wanyama wakubwa na ndege wakali. Simba akiumia, wenzake wataua nyama naye atapata kipande. Paka mwitu akivunjika mguu hana wa kumlisha. Ndiyo maana ameumbwa kukwepa hatari kwanza na kuichunguza baadaye, akiwa mahali ambapo haonekani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Paka anayekimbilia uvunguni anafanya kile kilichouweka hai ukoo wake.

Sasa itazame nyumba yako kwa masikio na pua yake. Sikio la paka hupokea sauti nyembamba ambazo mawimbi yake ni zaidi ya mara tatu ya kikomo cha sikio la binadamu. Mvua juu ya bati, blenda jikoni, spika za jirani, honi za bodaboda, sufuria inayodondoka sakafuni: wewe ulishaacha kuyasikia haya miaka mingi iliyopita, yeye anayapokea yote kwa mara ya kwanza na kwa ukali kuliko wewe. Pua nayo inamwambia kwamba hapa si kwake. Paka hujua kwake kwa harufu yake mwenyewe. Husugua mashavu kwenye miguu ya viti, kona za milango na miguu ya watu anaowaamini ili kuacha alama. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifugo Mfaransa, Patrick Pageat, aliichunguza harufu hiyo ya mashavuni, na nakala yake iliyotengenezwa maabara sasa huuzwa nchi nyingi ili kutuliza paka. Siku ya kwanza nyumbani kwako hakuna kona hata moja yenye alama yake. Halafu wewe, kwa nia njema kabisa, unadeki sakafu kwa dawa yenye harufu kali na kufua kitambaa alichokuja nacho. Umemfutia kitu pekee alichokitambua.

Washauri wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Husema wamewahi kuona: mtu alimkamata paka mkali, akamkaza kifuani, na baada ya dakika chache paka akatulia. Ni kweli, paka huacha kupambana. Lakini kuacha kupambana na kutulia ni hali mbili zilizo mbali sana. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walichapisha majaribio yao juu ya mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuukwepa kwa namna yoyote. Baadaye mbwa hao walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, wengi walilala chini wakaupokea umeme. Hawakuwa wamezoea maumivu. Walikuwa wamekata tamaa. Mwaka 1997 watafiti Kessler na Turner walitoa kipimo cha ngazi 7 cha kupima hofu ya paka kwa kutazama mwili wake. Katika ngazi ya juu kabisa, ile ya hofu kuu, paka hayumo mbioni. Amejikunyata juu ya miguu yake yote minne, masikio yamelazwa nyuma, mboni za macho zimepanuka, anatetemeka. Huyo ndiye paka ambaye mshauri wetu anamwonyesha wageni akisema, tazama alivyotulia.

Kuna ushahidi mwingine ninaotamani kila mfuga paka aujue, kwa sababu ulipatikana katika bara letu na ulihusu paka wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, daktari Joseph Wolpe aliwatia paka hofu kwa kuwapiga umeme ndani ya kizimba. Kitendo hicho sikisifu, na leo kisingeruhusiwa kirahisi. Lakini alichokiona baada ya hapo hakipaswi kupotea. Paka wale walikataa kula ndani ya kizimba hata waliposhindishwa njaa, na hata baada ya umeme kukoma kabisa. Walikuwa na njaa, nyama ilikuwa mbele yao, na bado hofu ilikuwa na nguvu kuliko tumbo. Wolpe akabadili njia. Akawalisha katika chumba kisichofanana sana na kile cha mateso. Walipokula bila wasiwasi, akawahamishia chumba kinachofanana nacho zaidi kidogo, kisha kingine, akisogea karibu hatua kwa hatua, mpaka wakala ndani ya kizimba kile kile. Kitabu chake cha mwaka 1958 kiliieleza njia hiyo, na kutokana nayo madaktari wa akili wamewatibu watu wanaoogopa ndege, buibui, lifti na sindano. Maarifa yanayomwondolea binadamu hofu yalitoka kwa paka. Inakuwaje basi paka mwenyewe tunamtibu kwa kamba na kumburuta?

Njaa nayo ina hatari zaidi ya kushindwa. Mwili wa paka haukuumbwa kuvumilia mfungo. Akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili huanza kumiminikia kwenye ini mpaka likashindwa kufanya kazi, na wengi hufa wasipotibiwa. Anayesema njaa itamtoa anacheza na uhai wa mnyama. Paka mgeni akipitisha siku nzima hajagusa chakula, mpigie daktari wa mifugo. Zikifika siku mbili, usisubiri ya tatu.

Wengine hawatumii nguvu, lakini wanaogopa kumwachia paka maficho. Kwao, anayepewa pa kujificha atajificha milele, kwa hiyo wanaziba uvungu kwa masanduku na kufunga makabati. Jambo hili nalo limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, wakiongozwa na Claudia Vinke, waliwafuatilia paka waliowasili katika kituo cha wanyama Uholanzi. Baadhi walipewa boksi la kujifichia, wengine hawakupewa. Wenye boksi ndio waliopunguza hofu mapema zaidi. Mantiki yake haihitaji maabara kueleweka: mwenye mlango wa kukimbilia hana haja ya kukaa mlangoni. Paka akijua kwamba kila akitishika anapo pa kurudi, anapata ujasiri wa kutoka. Ukimzibia, kila dakika anayokuwa sebuleni ni dakika ya kujilinda.

Watu wa kundi la tatu hawana haja na hoja hizi, kwa sababu kwao paka amefanya kusudi. Akikojoa kitandani, analipiza kisasi. Akikodolea ukuta usiku wa manane, ana jini, na akiwa mweusi basi hukumu imeshapita. La jini nitalijibu kwa kifupi: nyuma ya ukuta kuna panya au mjusi, naye anamsikia wewe humsikii. La kisasi ni zito zaidi, kwa kuwa linaweza kuua. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitumia miaka mingi kuonyesha uhusiano kati ya msongo na uvimbe wa kibofu cha paka, na jinsi dalili zinavyopungua maisha ya nyumbani yakitengenezwa vizuri. Paka anayekojoa ovyo huenda anaungua kila tone linapotoka. Akiwa dume na unamwona anachuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, njia imeziba, na hiyo ni dharura ya saa chache. Wakati wewe unamfinya masikio kumfunza adabu, sumu inajaa mwilini mwake.

Niseme sasa kifanyike nini, kwa maana anayebomoa bila kujenga hana msaada.

Mpe paka chumba kimoja, au kona moja, wala usimtembeze nyumba nzima siku ya kwanza. Weka boksi lililotobolewa milango miwili, ndani yake kanga uliyoivaa na kitambaa alichokuja nacho. Mahali pa juu, kama boksi lingine juu ya kabati, pana thamani kubwa, kwa kuwa aliye juu huona nani anaingia. Beseni la mchanga likae mbali na chakula na maji. Mlishe saa zile zile kila siku, na mtu wa kumlisha awe mmoja kwa wiki za mwanzo, kwa sababu mnyama mwenye hofu hupata amani akijua kitakachofuata. Ukiingia, ongea kwa sauti ya chini, kaa sakafuni ukimpa ubavu, soma au chambua mchele, usimkodolee macho. Kwa paka, kukodolewa ni kutishwa. Mkitazamana, fumba macho taratibu na kuyafumbua taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba yao, na kwamba humsogelea zaidi mtu wasiyemjua aliyewafumbia macho hivyo kuliko aliyewatazama bila ishara yoyote.

Kisha fuata njia ya Wolpe kwa dagaa. Siku za mwanzo weka dagaa wachache karibu na boksi, uondoke. Akizoea kula ukiwa chumbani, keti mbali. Akila huku umeketi, sogea kidogo kesho yake. Akisita, umesogea haraka mno, rudi nyuma. Mkono usimfuate kamwe. Unyooshe kidole kimoja chini ya usawa wa kichwa chake, umwachie yeye aje kunusa. Akisugua shavu, mkune shavuni na chini ya kidevu, sekunde chache, halafu uache kabla hajachoka. Tumbo na mkia viache. Baada ya chakula mvutie uzi wenye manyoya ya kuku mwishoni, maana mnyama anayewinda mchezoni ameisahau hofu yake kwa muda. Huko si kumdekeza. Hofu haiongezeki kwa kutendewa wema, na hakuna paka aliyezidi kuogopa kwa sababu alipewa dagaa.

Muda wake? Wengine siku chache, wengine wiki, wengine miezi. Hapa lazima niseme na ukweli usiopendeza upande wangu. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha kwamba umri unaojenga urafiki wa paka na watu ni kati ya wiki ya 2 na ya 7. Mtoto wa paka aliyeshikwa kwa upole katika wiki hizo hukua akiwaamini watu. Aliyezaliwa chini ya meza za soko la samaki, akamwagiwa maji na kurushiwa mawe kila alipochungulia, amefunzwa somo jingine. Paka mzima ambaye hajawahi kuguswa na binadamu huenda asipakatwe maisha yake yote. Mwingine ni bora ahasiwe, achanjwe na kurudishwa alikotoka, akiwa na mtu wa kumtazama na kumlisha. Sisemi kwamba subira humgeuza kila paka. Nasema kwamba nguvu haimgeuzi hata mmoja, na kwamba wengi wanaoitwa paka pori waliwahi kuwa na nyumba, wakatupwa au wakapotea, na imani yao inaweza kurudi wakiachiwa nafasi.

Najua jibu linalokuja. Huo ni uzungu, sisi tunaishi chumba na sebule, watoto wana njaa, nani ana muda wa kumfumbia paka macho? Tuanze na uzungu. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu wamekaa na paka vizazi kwa vizazi kabla ya mtu yeyote kuandika utafiti juu ya maboksi. Waislamu wa pwani wanajua mafunzo ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie, na wanajua kwamba maji aliyoyanywa paka hayanajisiki, kwa kuwa ni mnyama anayezunguka miongoni mwetu majumbani. Heshima kwa paka ni mali yetu. Kilicho kigeni kwetu ni kumfunga kamba na kujiona tumemlea.

Ama udogo wa nyumba, chumba kimoja ndicho hasa anachokihitaji. Jumba la ghorofa humchanganya zaidi. Boksi hutolewa bure dukani, mchanga upo nje, kanga kuukuu ipo, dagaa ni wale wanaopikwa. Tena hesabu gharama ya ule ushauri mwingine. Paka anayekazwa huparura na kung'ata, na katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kinaua, nacho huambukizwa hata na paka. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kwa sindano. Hiyo ndiyo bei ya kumwambia mtoto amvute paka mkia ili azoee. Na mwenye duka anayemfuga kwa ajili ya panya ajiulize: paka aliyefungwa kwenye gunia la mchele atamkamata vipi panya aliye darini?

Vituo vinavyowapokea wanyama na kuwatafutia nyumba, kama KSPCA kule Nairobi, vina wajibu hapa. Paka asitoke kituoni akiwa ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo, na asitoke bila maelezo ya maandishi: anakula nini, anaogopa nini, wiki ya kwanza iweje, daktari apigiwe lini. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha. Paka anayerudishwa kwa sababu ya ushauri mbaya anarudi akiwa na hofu mara mbili, na nyumba nyingine itakuwa ngumu kupatikana.

Lakini mzigo mkubwa ni wa aliyemchukua. Katika jambo zima hili kuna mmoja tu aliyechagua. Paka hakuomba kuokotwa, hakuichagua nyumba, hawajui watoto wako, na hana namna ya kukuuliza umemleta kufanya nini. Wewe unajua yote hayo, una funguo za mlango na una mikono yenye nguvu kumshinda. Mwenye uwezo wote huo ndiye anayepaswa kubadilika kwanza, apunguze sauti, asogeze kitanda, asubiri.

Kwa hiyo jirani akija kukuuliza afanye nini na paka wake aliye uvunguni, usimpe kamba. Mwambie atafute boksi, afunge mlango wa chumba kimoja, aweke chakula saa ile ile kila siku, aketi chini na kumwachia paka uamuzi wa kuja. Akikuuliza asubiri mpaka lini, mwambie mpaka paka aje mwenyewe. Na akikujibu kwamba hana muda huo, mwambie kweli bila kumficha: basi asichukue paka.